Raba za Kikapu za Retro: Maswali Ninayoulizwa Kabla Mtu Hajatoa Pesa

Maswali haya nimeyakusanya uwanjani, vijiweni na kwenye simu yangu, ambako watu hunitumia picha ya kiatu kimoja, tena cha upande mmoja, wakitaka niwaambie wanunue au waache. Mimi si muuzaji. Nimecheza kikapu kwenye viwanja vya saruji vya Dar es Salaam tangu nikiwa sekondari, nimevaa raba za kila aina, na nimepoteza pesa kwa njia ambazo nisingependa uzirudie. Majibu yangu yana upendeleo mmoja ambao nautangaza mapema: kiatu ni cha kuvaa.

Raba ya retro ni ipi hasa?

Neno hili hubeba vitu vitatu, na wauzaji wanapenda uvichanganye.

Kuna raba ya zamani yenyewe, iliyotoka kiwandani mwaka uleule ilipobuniwa. Air Jordan ya kwanza, raba ya Nike yenye jina la mchezaji Michael Jordan, iliyoshonwa 1985, kwa mfano. Hizo leo ni za makabatini na minadani. Kuna toleo la kurudiwa, yaani kampuni imefukua mchoro wake wa zamani na kuutengeneza upya. Hiyo ndiyo retro kwa maana yake halisi. Halafu kuna raba mpya kabisa iliyoshonwa ifanane na za zamani, haina babu wala bibi.

Air Jordan 4 uliyoiona dukani wiki iliyopita, basi, ina mchoro wa 1989 lakini sponji yake ni ya juzi. Hilo la sponji lishike, maana ndilo litakaloamua mengi huko chini.

Converse inasumbua kidogo katika mpangilio huu. All Star ilianza 1917 na haijawahi kuacha kutengenezwa, kwa hiyo mtu anaweza kuuliza inakuwaje retro kitu ambacho hakijaondoka. Jibu la kampuni lilikuwa kuleta Chuck 70 mwaka 2013: turubai nzito zaidi, soli nene zaidi, kama zilivyokuwa za miaka ya 1970. Ukizishika mbili mkononi, All Star ya kawaida na Chuck 70, utaona tofauti hata ukiwa umefumba macho.

Nani alianza kurudisha raba za zamani sokoni?

Wenye maduka. Air Force 1 ilitoka 1982, kazi ya mbunifu Bruce Kilgore, ikiwa raba ya kwanza ya kikapu ya Nike kuwekewa mfuko wa hewa kisiginoni. Mipango ya siku hizo ilikuwa raba kuuzwa msimu mmoja au miwili kisha kuzikwa. Wafanyabiashara wa Baltimore, ambao wateja wao walikuwa bado wanaiulizia, wakaishinikiza kampuni iitengeneze tena. Ikatengenezwa, kwa rangi mpya kila baada ya muda, na mpaka leo haijazikwa.

Jordan nazo zilirudishwa mara ya kwanza 1994. Michael Jordan mwenyewe alikuwa amestaafu Oktoba 1993 na alikuwa akicheza besiboli. Raba zile zilidoda. Zilikaa madukani mpaka zikapunguzwa bei, na vijana wa Marekani wa wakati ule waliziona ni viatu vya kaka zao wakubwa. Linganisha na Desemba 2011, Air Jordan 11 za rangi ya Concord ziliporudishwa na polisi wakaitwa kutuliza fujo kwenye maduka makubwa ya miji kadhaa ya Marekani. Waliopigania zile za 2011, wengi wao walikuwa watoto wadogo au hawajazaliwa zilipotoka mara ya kwanza.

Mbona ni ghali hivyo kwa kiatu cha zamani?

Air Jordan 1 iliuzwa dola 65 mwaka 1985. Toleo la Novemba 2022 lililoitwa Lost and Found liliuzwa dola 180. Inaonekana kama wizi, lakini ukiipandisha ile 65 kwa mfumuko wa bei wa Marekani unafika dola 180 na ushee. Kwa maana hiyo bei haijapanda. Kinachonikera mimi ni kingine: mwaka 1985 ulikuwa unalipia raba iliyokuwa mpya kwa ufundi. Leo unalipa kiasi kilekile kwa ufundi ambao umekwisha kurudisha gharama zake miaka mingi iliyopita. Sehemu kubwa ya pesa yako inanunua hadithi. Si vibaya kununua hadithi, ila ujue ndiyo uliyoinunua.

Na si zote ni ghali. Superstar ya Adidas, ambayo ilianza kama kiatu cha kikapu na kuvaliwa na nyota wa kikapu Kareem Abdul-Jabbar kabla kundi la rap la Run-DMC halijaibeba kwenye muziki, huuzwa karibu nusu ya bei ya Jordan. Converse iko chini ya hapo.

Ninaweza kuzichezea mpira?

Unaweza. Michael Jordan alijaribu. Tarehe 8 Machi 1998, katika mchezo ambao watu waliamini ungekuwa wa mwisho kwake kwenye ukumbi wa Madison Square Garden, New York, alivaa Air Jordan 1 zake za tangu miaka ya 1980. Alifunga pointi 42 na Chicago Bulls wakashinda. Alipovua, soksi zilikuwa na damu. Huyo ndiye mwenye kiatu, jina lake liko pale.

Sababu haina fumbo. Raba ile ina soli bapa ya mpira mgumu, mfuko mdogo wa hewa kisiginoni, na karibu hakuna kinachoushika unyayo katikati. Air Force 1 ni laini kidogo lakini nzito. Robo ya nne ikifika utahisi umefungwa matofali. Converse ndiyo usiseme: kizazi kizima cha NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, cha miaka ya 1960 kilicheza na turubai lile, lakini kizazi kile hakikuwa na cha kuchagua.

Kadiri mchoro unavyokaribia katikati ya miaka ya 1990, ndivyo mambo yanavyobadilika. Air Jordan 11 ya 1995 ina bamba la nyuzi za kaboni chini ya unyayo. Air Jordan 12 ya msimu wa 1996/97, ile aliyoivaa Jordan Juni 1997 kule Utah akiwa mgonjwa na kufunga pointi 38, ina mto wa hewa wa kuitikia haraka kutoka kisigino hadi vidoleni. Reebok Question ya Allen Iverson ya 1996 pia bado inachezeka. Hizo ukiingia nazo uwanjani hakuna atakayekuhurumia.

Sasa nitasema jambo ambalo wataalamu wa raba za kisasa hawapendi kulisikia. Sisi wengi tunachezea nje, kwenye saruji yenye vumbi na kokoto. Raba nyingi za kisasa zimewekewa mpira laini chini kwa ajili ya sakafu ya mbao. Uwanja wa mtaani huzila kwa miezi michache. Soli ngumu za kizamani hudumu kuliko hizo. Kwa hiyo kama unacheza mara moja kwa wiki, Jumamosi asubuhi, mizunguko miwili mitatu na maneno mengi, retro haitakuua. Kama unacheza ligi, una mazoezi siku nne, au goti lako limeshaanza kulalamika, nunua raba ya kuchezea ya miaka hii na retro uivae ukitoka.

Lakini zile ndefu si zinalinda kifundo cha mguu?

Watu wanaamini hivyo. Shingo ndefu ya ngozi laini iliyofungwa kamba nusunusu hailindi chochote. Kinacholinda zaidi ni misuli iliyozoezwa na kiatu kinachokukaa sawasawa. Niliteguka vibaya kuliko siku zote nikiwa nimevaa ndefu kuliko zote nilizowahi kumiliki.

Faida yake ni ipi, basi?

Ngozi, kwanza. Raba nyingi za kisasa ni kitambaa cha kufumwa. Kinachanika, kinachakaa, na kikichafuka kimechafuka. Raba ya ngozi unaifuta kwa kitambaa kibichi na safari inaendelea. Pili, zinaingiliana na nguo: Blazer ya Nike au Clyde ya Puma, nyeupe, inakaa chini ya suruali ya ofisini bila kupiga kelele, wakati raba ya kisasa ya kikapu hufanya uonekane umesahau kubadilisha viatu. Puma Clyde, kwa taarifa yako, ilitengenezwa 1973 kwa ajili ya Walt Frazier wa New York Knicks, mtu aliyejulikana kwa mavazi karibu sawa na alivyojulikana kwa mpira. Kiatu kilizaliwa na tabia hiyo.

Na kuna furaha tu. Mimi nilianza kumwona Jordan kwenye mkanda wa video ulionakiliwa mara nyingi mpaka mpira wenyewe ulikuwa hauonekani vizuri. Raba zilionekana. Sitajifanya kwamba hilo halinihusu ninapopita mbele ya duka.

Nasikia soli zake hubomoka zenyewe. Ni kweli?

Kweli tupu, na hili ndilo swali ambalo kila mtu angepaswa kuanza nalo.

Kati ya mpira wa chini unaokanyaga ardhi na unyayo wako kuna tabaka la sponji. Kwenye raba nyingi za mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa 1990, pamoja na retro zake, tabaka hilo ni la poliuretani. Ni sponji nzuri: nzito kidogo, imara, haibonyei upesi. Ugonjwa wake ni maji. Unyevu wa hewani huingia ndani ya sponji na kukata minyororo ya kemikali inayoishikilia, taratibu, mwaka baada ya mwaka. Wenye kemia huita haidrolisisi. Kwa nje huoni kitu. Rangi ipo, umbo lipo. Siku unapokanyaga, inapasuka kama biskuti.

Baada ya miaka kama kumi, anza kuihesabu kuwa mgonjwa. Nyingine huenda zaidi, nyingine hufa mapema, na joto lenye unyevu huharakisha kazi. Hapo ndipo sisi wa pwani tunapoumia: jozi iliyokaa Tanga, Mombasa au Unguja inakunywa unyevu mwaka mzima kuliko iliyokaa Arusha au Nairobi.

Kinachowashangaza watu ni kwamba raba iliyofichwa kwenye boksi bila kuvaliwa haisalimiki. Huharibika upesi kuliko inayovaliwa mara kwa mara. Nimeona mtu analia, kwa maana halisi ya kulia, kwa jozi aliyoitunza miaka kumi na mbili akisubiri harusi yake.

Zipi zina ugonjwa huo na zipi hazina?

Air Jordan 3, 4, 5 na 6 ndizo za kuogopa zikiwa na umri, maana soli zao za katikati ni poliuretani nje nje. Mpya hazina neno. Nunua, vaa, zitakuhudumia miaka yake.

Superstar, Clyde, Dunk ya Nike na Jordan 1 zina soli ya mpira iliyofinyangwa kama bakuli na kushonwa pembeni kuzunguka kiatu. Converse na Blazer nazo zina soli ya mpira iliyogandishwa kwa joto, bila kushonwa. Mpira wa aina zote mbili haubomoki kwa njia ile. Ndani ya baadhi yake kuna sponji au mfuko wa hewa ambao unaweza kuchoka, lakini hutaachwa barabarani peku. Kuna pia raba zenye sponji ya EVA, ambayo hailiwi na unyevu, ila hulala na kuwa bapa kwa kuvaliwa.

Ukikumbuka sentensi moja tu sokoni, iwe hii: ya poliuretani uliza umri, ya bakuli angalia uzi.

Mtumba au dukani?

Mtumba una faida ambayo duka halina: retro nzuri za daraja la kwanza hushuka na belo kutoka Ulaya na Marekani, zimevaliwa mara mbili, na mwenye meza hana habari ni nini. Karume pale Ilala nimewahi kupata Superstar ya ngozi safi kwa bei ya chakula cha watu wanne. Wa Nairobi wana Gikomba, na wana neno lao, "kamera", kwa zile za kuchaguliwa mwanzo belo linapofunguliwa. Fika alfajiri au uwe na mtu wako.

Ila mtumba ndiko nilikopigwa vibaya zaidi. Niliona jozi ya sponji, rangi inang'aa, soli haina mkwaruzo. Muuzaji akaapa kwamba haijawahi kuvaliwa, na nadhani alisema kweli. Sikuuliza umri. Nikaivaa kwenye sherehe ya kumuaga binamu yangu. Tulipokwenda mbele kutoa zawadi, tukicheza kama ada, niliacha nyuma yangu makombo meupe sakafuni kama ya keki. Mshereheshaji aliyaona. Alikuwa na kipaza sauti.

Tangu siku hiyo nafanya mambo mawili kabla ya kuuliza bei. Nafungua ulimi wa kiatu na kusoma lebo ndogo ya saizi: Nike na Jordan huandika humo tarehe za kutengenezwa, mwezi, siku na mwaka kwa mtindo wa Kimarekani. Kisha nabonyeza sponji kwa kucha ya dole gumba, karibu na kisigino. Ikirudi, hai. Ikibaki na alama, au ikitoa unga, au ukisikia sauti ya kitu kinachokatika, rudisha mezani polepole na uage kwa heshima. Na kunja kiatu mbele, pale vidole vinapopindia; nyufa nyembamba hujificha hapo.

Nitajuaje kama ni feki?

Kwa picha ya simu, mara nyingi hutajua, na anayekuhakikishia kwa picha anakupa moyo tu. Kopi nzuri zinazotoka China, hasa mji wa Putian ambao umejenga jina kwa kazi hiyo, huwababaisha hata wazoefu.

Kopi mbaya, lakini, hujitangaza. Namba ya aina ya kiatu iliyo kwenye lebo ya ndani ifanane na ya kwenye boksi; ukiiandika kwenye intaneti ilete kiatu kilekile na rangi ileile. Jordan 1 ukiitazama kwa nyuma ina kiuno, nyembamba katikati na pana juu na chini. Feki nyingi zimesimama wima kama ndoo. Hesabu matundu ya kamba pia: ndefu kamili ina tisa kila upande, ya kati ina nane. Wapo wanaouza ya kati kwa bei ya ndefu, na hiyo hata si feki, ni ujanja tu.

Kama bei ni robo ya ya dukani na boksi ni jipya na saizi zote zipo, huna haja ya kuhesabu matundu.

Kuhusu mtu anayenunua feki kwa kujua, kwa sababu anataka mwonekano na mfuko hauruhusu: simhukumu. Aijue tu soli anayoivaa, na asiende nayo uwanjani.

Saizi zake zikoje?

Usiamini namba ya Uingereza ukihama chapa. Saizi 9 ya Marekani kwa Nike ni 8 ya Uingereza. Kwa Adidas ni 8 na nusu. Tumia sentimita zilizo kwenye lebo. 27 ni 27 popote. Pima mguu wako jioni, ukiwa umesimama, kisigino ukutani.

Converse ni kubwa, shuka nusu au hata saizi nzima. Superstar nayo shuka nusu. Jordan 1 inakaa ilivyoandikwa. Jordan 4 inabana pembeni. Mwenye mguu mpana, na sisi tuliokulia ndala ni wengi, apande nusu.

Dada zangu wenye miguu midogo, kuna mlango wa uani: saizi za vijana hufika 7, ambayo ni kama 8 na nusu ya kike, na bei yake hupungua sana. Vifaa navyo hupunguzwa kidogo, lakini kwa kutembea tu hutaona tofauti.

Fundi ashone soli pembeni?

Mafundi wetu wakiona raba mpya, sindano inawawasha. Kwa raba iliyogundishwa tu, ushonaji ule wa kuzunguka umeokoa viatu vingi na siudharau. Lakini soli ya bakuli tayari imeshonwa kiwandani; kuitoboa tena ni kuongeza njia za maji. Na ya poliuretani iliyoanza kufa haishoneki, uzi unakata sponji kama waya unavyokata sabuni. Gundi nayo haishiki unga.

Wapo wanaobadilisha soli nzima, wakichukua ya jozi mpya ya bei nafuu na kuihamishia kwenye ngozi ya zamani. Inawezekana kwa fundi mwenye subira. Gharama yake inakaribia kununua jozi nyingine, kwa hiyo fanya hivyo kwa kiatu unachokipenda tu.

Kuosha na kuanika?

Usitumbukize kwenye beseni. Brashi laini, sabuni kidogo, kitambaa; kamba zioshwe peke yake. Jaza magazeti ndani, anika kivulini penye upepo. Kuanika juani juu ya bati ndiko kunakoachanisha gundi.

Soli nyeupe imegeuka njano. Nifanyeje?

Hewa na jua ndivyo vinavyofanya hivyo, na haizuiliki kabisa. Dawa ya meno husaidia kwenye uchafu, si kwenye njano. Wengine hupaka haidrojeni peroksaidi, hufunika kwa nailoni na kuweka juani kwa saa chache. Hufanya kazi, kisha njano hurudi polepole.

Au iache. Ile Jordan 1 ya 2022 niliyoitaja iliuzwa ikiwa na ngozi iliyopasuliwa makusudi na boksi lililochapwa lionekane limesahaulika stoo, na Machi 2023 Jordan 3 nyeupe ikaja na sponji iliyotiwa unjano tangu kiwandani, kwa dola 210. Wenzetu wanalipa zaidi kupata kile ambacho sisi tunakisugua kwa mswaki usiku.

Nikiagiza kutoka Marekani itanigharimu nini?

Bei, usafiri, ushuru wa forodha, na VAT ambayo ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya. Jozi ya dola 100 haifiki ikiwa ya 100. Ndugu anayerudi likizo ndiye msafirishaji bora. Mwombe kwa adabu, na asibebe boksi.

Zinafaa kama uwekezaji?

Hapana, kwa mtu wa kawaida. Utasikia kwamba Jordan 13 iliuzwa dola milioni 2.2 kwenye mnada wa Sotheby's Aprili 2023. Kweli. Alizivaa Jordan mwenyewe kwenye fainali ya 1998. Kilichouzwa pale ni jasho.

Jozi yako haina jasho la mtu yeyote isipokuwa lako. Walanguzi wa mtandaoni walitajirika miaka fulani, halafu kampuni zikaona pesa inapoelekea na kumwaga mzigo. Dunk nyeusi na nyeupe iitwayo Panda ilikuwa dhahabu mwaka 2021. Ikarudishwa dukani tena na tena mpaka kila daladala ina mbili. Concord ya 2011 ilirudi 2018. Anayeweza kuchapisha kiatu upya wakati wowote ndiye mwenye soko, na si wewe. Ongeza kwamba nyingine, kama tulivyoona, zinayeyuka zikiwa kabatini. Shamba halifanyi hivyo.

Mwanangu yuko kidato cha pili, ananililia Jordan. Nimnunulie?

Mama, mguu wake utakua kabla hujamaliza kuisahau bei. Muulize kwanza: ni ya kuchezea au ya kuvaa? Kama anacheza kweli, mpeleke akapate raba ya kuchezea yenye sponji nzuri, hata isiyo na jina. Magoti ni yake milele. Kama ni ya kuvaa, nenda naye mtumbani, mwachie bajeti mkononi, achague mwenyewe Air Force au Converse na ajadiliane bei mwenyewe. Atajifunza zaidi siku hiyo kuliko nitakavyomwambia mimi. Na kama wenzake wote wanazo, hilo nalo ni jambo kwake, tusijifanye hatujawahi kuwa na miaka kumi na mitano.

Kuna retro yoyote yenye asili ya kwetu Afrika?

Iko moja ninayoipenda. Dikembe Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, aliingia NBA 1991 na Denver Nuggets na kuwa mlinzi bora wa mwaka mara nne. Ndiye aliyekuwa akizuia mpira kisha anatikisa kidole kama mwalimu. Adidas walimtengenezea raba yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, pembeni ikiwa na michoro ya Kiafrika, kitu ambacho hakikuwa cha kawaida wakati ule. Baadaye ilirudishwa kama retro. Alifariki Septemba 2024, na tangu hapo kila nikipita mtumbani huwa naangalia kama ipo. Hasheem Thabeet wetu alichaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2009, ambako timu za NBA huchagua wachezaji wapya, na hatukuwahi kupata raba yake ya kurudisha.

Ungekuwa na pesa ya jozi moja tu, ungechukua ipi?

Chuck 70 nyeusi, ndefu, kama ni kwa pesa yangu. Kama ni kwa pesa ya mtu mwingine, Jordan 12. Na hiyo Mutombo, saizi 27.5, ukiiona mahali popote, sponji ikiwa inarudi, nishikie.